Usukani Hautaki Kiburi

Yale ambayo milima ya Karatu na Ngorongoro humfundisha dereva

Huenda mwanao amekwisha kukuambia kwamba anataka kuwa dereva. Katika nchi ya Karatu jambo hili si geni. Magari ya watalii hupita kila siku yakielekea Ngorongoro, na kijana aliye shambani na jembe lake husimama kidogo kuyatazama yakipanda mlima. Moyoni anasema, "Na mimi siku moja." Kazi hiyo ni njema, na wengi wamejenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwayo. Ndiyo maana wazazi huuza ng'ombe, au magunia ya vitunguu vya Mang'ola, ili kijana apate ada ya chuo cha udereva.

Lakini je, umejiuliza dereva mwema ni mtu wa namna gani? Vijana wengi watakujibu kwamba ni yule asiyeogopa. Jibu hilo limewapeleka wengi kaburini, tena si wao peke yao, bali pamoja na abiria wao. Dereva mwema ana mambo mawili: ujuzi na kujiamini. Mambo hayo huzaliwa kwa zamu. Ujuzi ndiye kaka, kujiamini ni mdogo wake. Mdogo akitaka kumtangulia kaka, hapo pana hatari. Basi tuyatazame pamoja, ili ukimtoa mwanao kwenda kujifunza ujue anakwenda kutafuta nini, na akirudi ujue kama amekipata.

BARABARA YETU ILIVYO

Ukitoka Arusha kwa barabara ya Dodoma, unafika Makuyuni na kukata kulia. Unapita Mto wa Mbu, kisha unaupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linabaki chini yako upande wa kushoto. Baadaye unafika Rhotia, halafu Karatu, halafu lango la Lodoare ambapo nchi ya Hifadhi ya Ngorongoro inaanza. Lami ya njia hii iliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika.

Kwa miaka mingi lami iliishia pale langoni. Kuanzia hapo barabara inapanda msituni, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili korongo. Ukingo wa kreta uko juu ya bahari kwa mita 2,300 hivi. Huko juu ukungu hushuka asubuhi hata usione gari lililo mbele yako. Kreta yenyewe ina kina cha mita 600 hivi na upana wa kilomita 19 hivi. Magari yanayoruhusiwa kushuka ndani ni yale tu yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Njia ya Seneto ni ya kushuka tu, njia ya Lerai ni ya kupanda tu, na ile ya mashariki, upande wa Lemala, hutumika kwa kushuka na kupanda.

Hebu fikiri, basi. Katika safari moja ya siku moja, dereva wa Karatu hukutana na lami laini, vumbi, matope, ukungu, mlima mkali, mteremko mkali, ng'ombe wa Wamasai, na nyati anayetoka kichakani bila kupiga hodi. Madereva wa nchi nyingine hulipa fedha nyingi kutafuta shule ya namna hiyo. Sisi tumepewa bure. Lakini shule hii haina huruma kwa mwanafunzi mtoro.

ASUBUHI YA HUZUNI PALE RHOTIA

Huwezi kuandika habari za udereva wa Karatu ukaiacha tarehe 6 Mei 2017. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati wa mvua. Basi lililowachukua watoto wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likienda Karatu, ambako watoto hao walikuwa wafanye mtihani wa majaribio pamoja na wenzao. Kwenye mteremko wa Marera, Rhotia, basi liliacha barabara likatumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wakapelekwa Marekani kutibiwa, na baada ya miezi kadhaa wakarudi nyumbani wakitembea.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Aliyekufa hawezi kujitetea, na wazazi wa watoto wale wana mzigo wa kutosha. Tunayaandika kwa sababu mteremko ule bado uko, mvua bado hunyesha, na wiki hii pia kuna basi lenye watoto litakalopita pale. Yule atakayelishika usukani alijifunza mahali fulani, kwa mtu fulani. Swali la ujuzi wa dereva si la yeye peke yake, ni la kila mama anayemfunga mtoto vifungo vya shati asubuhi.

WENYE MBIO WANATUFUNDISHA NINI

Huenda utashangaa tukisema kwamba mafundisho ya kuendesha kwa usalama tunaweza kuyapata kwa watu wa mashindano ya mbio za magari. Lakini sikiliza kwanza.

Mwaka 1953 yalianzishwa katika Afrika ya Mashariki mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa siku kadhaa, mchana na usiku, katika barabara zile zile za mabasi na mbuzi. Katika miaka ya 1960 njia ilifika hata nchi ya Mbulu, ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake, na ukuta wa Magara uliwatoa jasho madereva wengi. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Ilitolewa baada ya mwaka 2002, ikarudishwa mwaka 2021 huko Naivasha.

Sasa tazama jambo hili. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakafika mwisho 7 tu. Mwaka 1968, mwaka wa mvua na matope, hali ikawa ile ile: zaidi ya 80 yaliondoka, 7 yakafika. Na aliyeshinda miaka yote miwili ni mtu yule yule, Nick Nowicki, pamoja na mwenzake Paddy Cliff, kwa gari la Peugeot 404. Je, yeye ndiye aliyekuwa na gari lenye mbio kupita wote? Hata kidogo. Wenye mbio kupita wote walibaki njiani, huyu na ekseli iliyovunjika, huyu matopeni, huyu mtaroni. Bert Shankland naye, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967, kwa gari la namna hiyo hiyo.

Mtu wa tatu ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Alikulia katika gereji ya baba yake, akajua kufungua injini kabla ya kujulikana kwa mbio. Alishinda Safari mwaka 1965, tena 1974, tena 1976. Lakini hesabu iliyo kubwa kuliko hizo ni hii: katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Wenzake walivunja magari, yeye aliyafikisha. Watu walimwita Singasinga Arukaye, lakini mtu huyo aliyeitwa mrukaji alijua vema sana wakati wa kutoruka.

Huko Ulaya nako kuna viwanja vilivyojengwa kwa mbio tu. Kimoja ni Nürburgring cha Ujerumani, kilichofunguliwa mwaka 1927. Njia yake ya kaskazini ina urefu wa karibu kilomita 21 na kona zaidi ya 70, ikipanda na kushuka milimani mwituni, karibu kama njia yetu ya Lodoare. Watu wa kawaida huweza kwenda kujifunza katika viwanja kama hivyo, na mwalimu huketi kando yao. Je, mwalimu huanza kwa kusema "kanyaga mafuta"? La. Huanza na macho, mikono, breki na utulivu. Mbio huja mwisho kabisa, na kwa wengine haziji, wala hakuna anayewacheka.

Basi mambo hayo wanayofundishwa ni yapi? Tutayaeleza kwa lugha ya nyumbani. Uwanja wa mbio tunauacha kwa wenyewe, kwa sababu barabara ya watu si mahali pa kushindana. Ujuzi wenyewe tunauchukua.

MACHO HUTANGULIA GARI

Gari hufuata macho ya dereva. Ukilitazama shimo, utaliingia. Ukilitazama korongo, mikono yako itakuvuta huko pasipo kujua. Ukitazama njia unayotaka kupita, mikono itakupeleka huko. Mtu aliyepata kubeba ndoo ya maji kichwani anajua jambo hili, kwani hatazami vidole vyake vya miguu, hutazama njia mbele.

Dereva mchanga hutazama pua ya gari lake. Mwalimu mzuri atamwambia mara mia: inua macho. Kabla ya kuingia kona, tafuta mwisho wa kona. Kabla ya kufika daraja, liwe limekwisha kufika machoni. Kule Rhotia na Kilima Moja, tazama kona mbili mbele ikiwezekana, si moja. Ikiwa huwezi kuona mbele, kwa ukungu au kwa vumbi la gari jingine, mwendo wako uwe ule utakaokuwezesha kusimama ndani ya kipande unachokiona. Kanuni hii moja tu, watu wakiishika, ingepunguza misiba mingi. Katika ukungu tumia taa za chini, maana zile kubwa hugonga ukungu zikarudi machoni mwako.

TAIRI NA KIBABA CHA UNGA

Mahali ambapo tairi moja hugusa barabara si pakubwa kupita kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne tu ndivyo vinavyolishika gari lote pamoja na watu wake. Ushikaji huo ni kama kibaba cha unga kilichobaki ndani ya nyumba. Ukipika uji kwa kibaba chote, hakuna ugali. Ukitaka vyote viwili, sharti ugawe.

Vivyo hivyo tairi lina kazi tatu: kusimamisha gari, kulikatisha kona, na kulisukuma mbele. Ukikanyaga breki kwa nguvu zote, kibaba kimekwisha, na usukani utauzungusha bure. Hapo ndipo utasikia dereva akisema, "Gari lilikataa kukata." Gari halikukataa. Dereva alikwisha kumaliza unga.

Kwa hiyo wale wa mbio hufanya hivi. Breki hukanyagwa mapema, gari likiwa bado limenyoka. Mguu huinuliwa polepole kadiri usukani unavyozungushwa. Katikati ya kona hakuna fujo, si ya breki wala ya mafuta. Usukani ukianza kunyoka, mafuta huongezwa kidogo kidogo. Aliyeingia kona kwa mwendo mdogo hutoka salama, tena mara nyingi hutoka upesi kuliko yule aliyeingia kwa kishindo.

Jua tena kwamba uzito wa gari huhama. Ukifunga breki, uzito huenda mbele na pua huinama. Ukikanyaga mafuta, uzito hurudi nyuma. Ukikata kulia, hulalia kushoto. Gari refu lililopakiwa watu, na mizigo juu ya paa, huhama zaidi. Dereva anayefanya kila kitu ghafula huurusha uzito huo huku na huku, na siku moja utamrusha yeye.

HESABU AMBAYO KILA MTU AIJUE

Chukua karatasi, msomaji, na umwite mtoto wako wa darasa la sita mfanye hesabu hii pamoja. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa huenda mita 14 kwa sekunde moja. Mtu akiona hatari, hupita karibu sekunde moja kabla ya mguu kuigusa breki. Hizo ni mita 14 zimekwenda bure. Kisha, kwa breki nzuri na lami kavu, huhitaji mita 14 nyingine hivi ili gari lisimame. Jumla mita 28.

Sasa zidisha mwendo mara mbili, uwe kilomita 100. Sekunde ile ya kwanza hula mita 28. Na breki? Wengi watasema pia mara mbili. Kumbe ni mara nne, karibu mita 55. Jumla ni mita 83 hivi. Mtoto aliyevuka barabara umbali wa mita 60 mbele ya gari la kwanza ataendelea kucheza. Mbele ya gari la pili hataendelea.

Hapo ni lami kavu. Juu ya udongo wetu mwekundu uliolowa mvua, au juu ya kokoto nyembamba zinazoviringika kama mtama uliomwagika sakafuni, umbali wa kusimama waweza kuzidi mara mbili na zaidi. Ndiyo maana sheria yetu inataka mwendo usiozidi kilomita 50 mahali penye makazi ya watu. Kile kibao hakikuwekwa ili kumpatia askari kazi.

KUSHUKA KRETA

Wazee wa kazi husema kwamba kupanda ni kazi ya gari, kushuka ni kazi ya dereva. Gari la tani tatu linaloshuka mlima lina nguvu kubwa inayolivuta, na nguvu hiyo sharti iende mahali. Ukitumia breki peke yake, yote huenda kwenye breki na kugeuka moto. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza ukali wake, na utakanyaga usikie mguu unazama tu. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua.

Dawa yake ni kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati ya mteremko. Injini yenyewe italizuia gari, nawe utasaidia kwa breki fupi fupi. Kanyaga, achia, ziache zipoe, kanyaga tena. Kamwe usiteremke kwa nyutro ili kubana mafuta. Mafuta utakayookoa hayatoshi kununua hata sanda. Ukisikia ile harufu, tafuta mahali tambarare, simama, ngoja zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji baridi, kwani chuma chenye moto huweza kupasuka.

Mahali penye wembamba, mpishe anayepanda. Yeye akisimama huenda asiweze kuondoka tena kwa urahisi. Na juu ya yote, jipangie saa zako. Magari hutakiwa yawe yametoka kreta ifikapo saa kumi na mbili jioni. Dereva aliyekaa na simba hadi saa kumi na moja na nusu atapanda Lerai kwa pupa. Haraka za jioni huanza na uzembe wa mchana.

GARI LIKITELEZA

Iko siku gari litateleza. Hata dereva hodari humpata. Jambo kubwa ni kujua limeteleza wapi.

Likiteleza mbele, unakata kona nalo linakwenda moja kwa moja. Kijana asiyejua huzidi kukata. Asifanye hivyo. Ainue mguu kwenye mafuta, aunyooshe usukani kidogo, tairi lishike tena, kisha akate taratibu.

Likiteleza nyuma, mkia unataka kuupita uso. Inua mguu kwenye mafuta polepole, tazama unakotaka kwenda, zungusha usukani upande ule ule ambao mkia unakwenda, na mara linapoanza kunyoka, rudisha usukani mapema. Asiyerudisha mapema atatupwa upande wa pili.

Magari mengi ya siku hizi yana chombo kinachozuia tairi lisijifunge wakati wa breki. Ukiwa na gari la namna hiyo na hatari imekuja ghafula, kanyaga kwa nguvu wala usiachie, na uendelee kushika njia kwa usukani. Kanyagio litatetemeka chini ya mguu. Usishtuke, ndiyo kazi yake. Lakini chombo hicho hakiongezi unga katika kibaba, kinasaidia tu usimwagike.

KUJIAMINI HUJENGWA VIPI

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Kijana amesoma haya yote, je, ataweza? Hataweza leo. Mikono haijifunzi kwa kusikiliza. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza, ajifunze jambo moja kwa wakati mmoja. Leo macho tu, kesho breki tu. Pili, aanze mahali pasipo watu, kama kiwanja kikavu kilichoombwa kwa wenyewe, na mwalimu mwenye leseni kando yake. Aweke debe tupu chini, na ajaribu kulisimamisha gari hatua moja kabla ya debe, kwa mwendo wa polepole, mara 20. Akiweza mara zote, aongeze mwendo kidogo. Akikosa, arudi nyuma hatua moja bila aibu. Tatu, aweke nyuma ya gari ndoo yenye maji hadi nusu, akazunguke kiwanja bila maji kumwagika. Ndoo hiyo ni mwalimu asiyependelea mtu. Nne, akiwa barabarani na mwalimu wake, aseme kwa sauti anayoyaona: "Kona kushoto, mama na kuni, pikipiki nyuma, daraja." Mdomo ukinyamaza, macho yamelala.

Tano, aijue njia kabla ya kuikimbilia. Wale wa Safari walikwenda kuitazama njia siku nyingi kabla, wakiandika kila kona daftarini. Dereva wa Karatu naye na awe na daftari: hapa maji hukatiza mvua ikinyesha, hapa ng'ombe huvuka jioni, hapa lami imebomoka. Sita, alijue gari lenyewe. Kila asubuhi atazame upepo wa tairi, maji, oili, breki na taa. Joginder Singh alianzia gereji, nasi tumeona alivyomaliza.

Je, hofu? Wengi huionea haya. Hofu ni mjumbe, asipigwe wala asitukuzwe. Aulizwe tu: umetumwa kusema nini? Ikiwa inasema, "Kona hii huioni mwisho," itii, punguza mwendo. Ikiwa inasema, "Hujawahi kushuka Seneto," basi shuka mara ya kwanza ukiwa abiria, mara ya pili ukiendesha pamoja na mwenye ujuzi, na mara ya tatu hofu yenyewe itakuwa imepungua kwa haki. Kujiamini kwa namna hii hakupotei, kwa sababu kuna kitu chini yake. Kule kwa kujipiga kifua, au kwa chupa ya pombe, huisha kwenye kona ya kwanza.

Na utamtambuaje aliyefika? Abiria wake husinzia. Chai haimwagiki. Hasifii mwendo wake, wala hasimulii aliyonusurika. Ukimwuliza safari ilikuwaje, atakujibu, "Hakuna neno."

NA WEWE USIYESHIKA USUKANI

Wewe mzazi, usimnunulie mwanao leseni ya mkato. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Leseni iliyopatikana bila mafunzo ni sawa na kumpa mtu bunduki kwa sababu anajua kutamka neno bunduki. Mpeleke chuo kinachotambuliwa, kama vile VETA, na umwambie kwamba ada ile ni ya ujuzi, kadi huja baadaye. Na yule mwenye pikipiki ya bodaboda, mambo ya macho, kibaba cha unga na hesabu ya breki ni yake pia, tena zaidi, kwa kuwa yeye ana viganja viwili tu barabarani. Kofia ngumu ni yake na ya abiria wake.

Wewe abiria, una mdomo. Dereva akienda ovyo kule Rhotia mvua ikinyesha, usikae kimya kwa kuogopa kuitwa mshamba. Mwambie kwa heshima, "Kaka, punguza mwendo, tuna watoto." Mmoja akianza, wengine watafuata. Funga mkanda kama upo, hata ukiwa kiti cha nyuma.

Wewe mwenye gari, usimpangie dereva saa zisizowezekana, ukamtoa Serengeti usiku na kumdai awe Arusha alfajiri. Mtu mwenye usingizi hana macho, na bila macho yote tuliyoyasema hapa ni bure.

Na wewe uliye na mtoto anayepanda basi la shule, nenda siku moja ukamwone dereva. Mwulize jina lake, mwulize amefundishwa wapi, tazama matairi. Hutakuwa umemkosea adabu. Dereva mwema atafurahi kuona kwamba wako watu wanaoijua thamani ya kazi yake, na dereva mzembe atajua kwamba anatazamwa.

Mwenda pole hajikwai. Wahenga walisema hivyo kabla motokaa ya kwanza haijaonekana katika nchi hii, na bado milima ya Karatu haijapata la kuwasahihisha.